Nilipoanza Kumshinda Fundi Ezron

Wanaouliza kama magemu ya mkononi ya zamani bado yana maana leo, waje kwangu. Mimi nimeshika moja miaka kumi na mbili. Ni lile la matofali, la kijivu, betri mbili, kioo hakina taa. Halikuombi bando. Halikukatizi katikati likuonyeshe tangazo la sabuni. Matofali yanashuka, unayapanga, mstari ukijaa unafutika, na ukishindwa umeshindwa mwenyewe. Wanangu wana simu zenye magemu ya rangi zote, lakini wakija barazani kwangu wanagombea hilo hilo la betri. Linachezeka, halina neno. Ushahidi ninao, na ningependa sana nisiwe nao.

Lilikuwa la Ezron, fundi simu na redio, mtu wa Mpuguso. Tulipanga baraza moja hapa Tukuyu karibu na stendi, yeye na meza yake ya vifaa, mimi Kuruthumu na cherehani yangu. Mteja alilileta limekufa, akalisahau, Ezron akalifufua. Tangu hapo kila mchana, mimi nikishaswali adhuhuri na yeye akishamaliza ndizi zake, tulicheza mchezo mmoja mmoja. Anayeshindwa anafagia baraza jioni. Jamani, nilifagia! Miaka kumi nilifagia, mpaka majirani wakadhani nimeajiriwa. Macho ya Ezron ndiyo yaliyokuwa yanamlisha. Aliunga waya mwembamba kuliko uzi wangu bila miwani, na kwenye gemu aliliona pengo kabla mimi sijaliona tofali. "Mama Anwari, wewe shona tu," alikuwa akiniambia.

Kisha Mei mwaka juzi nikamshinda. Naikumbuka wiki yenyewe, nilikuwa namalizia sare za kwaya ya kanisani kwake. Nilitamba hadi stendi, nikawaambia hata wasiojua gemu ni nini. Siku ya pili nikamshinda tena. Ilipofika Agosti, ufagio ulikuwa wake siku nne kati ya tano.

Ezron hakukasirika. Yeye alitafuta kosa, kama fundi. Alisema kioo kimechoka, matofali ya pembeni hayaonekani mpaka yafike katikati. Akanieleza kwamba magemu haya huharibika hivyo kweli: utepe unaounganisha kioo na ubao ukilegea, mistari ya pembeni inafifia, halafu inapotea. Alishatengeneza mengi ya namna hiyo. Basi akalifungua, akalisafisha kwa spiriti, akaukandamiza utepe kwa chuma cha moto. Akabadilisha betri. Akaulaumu ukungu, nao ukungu wa huku kwetu haukosi lawama. Mwisho akasema vitu vya zamani vimekwisha wakati wake, hata hili limezeeka.

Siku moja akanipa nilitazame. Akaniuliza huku kushoto kama naona kitu. Niliona kila kitu, kila tofali, hadi ukingoni. Nikamwambia mbona kioo kizima, akacheka, akasema fundi nguo atajua nini habari za kioo.

Ningeweza kubishana. Mimi hubishana na watu hata juu ya kifungo. Siku ile nilinyamaza, na sababu naisema waziwazi: nilidhani anahitaji miwani tu, ile inayouzwa sokoni, na nikajua akishaivaa nitarudi kwenye ufagio. Roho mbaya ya kitoto, mwanamke mzima na wajukuu wangu. Ndivyo nilivyokuwa.

Dalili hazikukosekana. Alikuwa akifagia katikati tu, takataka zinabaki kando ya ukuta, nami nikimwita mvivu mbele ya wateja. Alipiga kikumbo meza yangu ya pasi ya mkaa mara mbili, nikamtolea maneno makali. Alipoanza kuunga waya pasipo pake na wateja wakaanza kuhama, nilimtania kwamba kapata mchumba, akili haipo kazini. Alicheka. Yule bwana alikuwa anacheka kila kitu, hata hicho.

Februari mwaka huu alikuwa anavuka barabara, bodaboda iliyopakia viazi kutoka Isongole ikamgonga ubavuni, ikamuumiza mguu. Aliapa hakuiona. Mguu ulipona. Ila muuguzi aliyekuwa akimfunga bandeji alimnyooshea vidonge kwa upande, Ezron asivione, mkono wa muuguzi ukabaki hewani, akashtuka. Akamwandikia aende kwa daktari wa macho, Mbeya. Mkewe, Elina, Kiswahili chake ni cha sokoni, cha hospitali kinampita. Akaniomba niende nao kwa sababu nina mdomo.

Daktari, mama wa makamo, alimpima asubuhi nzima. Akasema ni presha ya macho. Haiumi. Inakula kimyakimya kutoka pembeni kuja katikati, na ilichokwisha kula hakirudi. Alichobakiwa nacho Ezron ni kama kuchungulia kwenye tundu la kifungo, na matone atakayopewa ni ya kulilinda tundu hilo. Kila alichosema, Ezron alimtafsiria mkewe kwa Kinyakyusa, taratibu, utadhani ni habari za mgonjwa mwingine. Elina akauliza kama ataweza kurudi kwenye waya zake. Ezron akaliuliza swali kwa Kiswahili, daktari akasema hapana, naye akamgeukia mkewe akamwambia hapana.

Kisha daktari akauliza yalianza lini. Ezron alisema hajui, labda Krismasi. Daktari akasema anauliza kwa sababu mtu akiwahi miezi ya mwanzo, wanaokoa sehemu kubwa.

Ningeweza kunyamaza tena.

"Mei mwaka juzi," nikasema. "Wiki ya pili."

Daktari aliacha kuandika. "Wewe umejuaje?"

"Ndipo nilipoanza kumshinda."

Nikaeleza yote, gemu, ufagio, na ile siku aliyoniuliza huku kushoto kuna nini. Nilieleza haraka, maneno yakigongana. Ezron aligeuza uso wote kunitafuta, maana sasa hana njia nyingine, mpaka akanipata.

"Mama Anwari. Kwa hiyo kioo kilikuwa kizima?"

"Kilikuwa kizima."

"Na ulijua."

Nikamwambia nilijua.

Elina, ambaye hakuwahi kulishika gemu lile, akamvuta mkono, akamwuliza kwa Kinyakyusa tunazungumzia kioo gani. Asubuhi yote Ezron alikuwa amemtafsiria kila neno. Hili hakumtafsiria.