Mama wa Kikundi

Katika kikundi chetu cha tiba ya maigizo hapa Taipei, kila anayetaka kuzungumza na mama yake humwomba mwanamke yule mwenye mvi amwigize. Hasemi mengi. Husikiliza mpaka mwisho huku akimenya tufaha, kisha hukukatia kipande. "Kula." Kwetu mama akikukatia tunda, yamekwisha.

Jana yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti cha anayeigiza mtoto. Mikono yake, isiyozoea kukaa bure, ilishikana magotini.

"Mama," alimwambia Yi-Chen, kijana tuliyempa nafasi ya mama, "yule ninayeishi naye si mpangaji wangu. Ndiye mwanamke ninayempenda."

Yi-Chen akachukua kisu. Nusu ya tufaha ilikwenda na maganda. Akakata vipande viwili.

"Kula. Hiki mpelekee mkwe wangu."

Mwanamke yule alicheka huku machozi yakimtoka. "Mama, kumenya ulifundishwa na nani?" Akala chake, cha pili akakifunga kwenye leso.