Siku Niliyomfundisha Sajini Kushika Maiki

Naona haya hata kuanza, lakini mmeng'ang'ania, basi chekeni tu. Ilikuwa miaka ile tumerudi kutoka ukimbizini Zaire, mimi kijana wa Arua najiita fundi wa redio, na nilikuwa nimejitengenezea amplifaya kwa mikono yangu, transista nimeng'oa kwenye redio za watu zilizokufa (kwa ruhusa yao, jamani), na mezani pangu ililia vizuri kabisa mpaka nilipoamua kuitia ndani ya sanduku la mvule na kulipaka vanishi likang'aa kama kioo. Rafiki yangu Rajabu wa Koboko akasema nitoboe matundu nyuma, ipumue. Nikamwambia hili si banda la kuku.

Rajabu huyo huyo akanialika na amplifaya yangu kwenye harusi yake. Baba wa bibi harusi, Sajini Musa, mwanajeshi mstaafu, alitaka kuwashukuru hadharani wenyeji waliowapokea yeye na wanawe Sudan wakati wa ukimbizi, na wenyeji hao walikuwa wamevuka mpaka pale Oraba asubuhi ile, wamekaa mbele kabisa.

Sajini akaanza. Dakika tano, sauti ikafifia, ikafa. Nikatangaza, "Betri!" Tukatoa betri ya lori, tukafunga, ikalia (nikajipiga kifua). Ikafa tena. "Waya!" Nikakata waya kwa meno, nikaunga, ikalia. Sajini akafika mahali pa kutaja jina la mama mmoja mzee wa Kaya, ng'ambo ya mpaka, aliyewapa nyumba yake, na hapo hapo, kimya.

Watu wakanitazama, nami kwa aibu nikasema kwa sauti kubwa, "Mzee, shida iko kwako. Unashika maiki kama jembe."

Rajabu akafunika uso.

"Mimi nilishika redio ya jeshi miaka kumi na mbili," Sajini akasema polepole. "Wewe ilikuwa bado kwa mgongo ya mama yako. Haya, fundisha mimi."

Ningeomba radhi hapo ningepona. Lakini wapi! Nikachukua maiki. "Inashikwa hivi, mzee. Hallo, hallo, ha..." Ikafia mdomoni mwangu. Kicheko kilichotoka hapo nadhani kilisikika mpaka kule Kuluba.

Aliyeniokoa ni mpishi, Mama Zainabu, aliyetaka kuweka birika juu ya sanduku langu. "Ee! Hii kitu iko moto kuliko jiko yangu!"

Ndipo nikaelewa. Kila nilipohangaika na betri na waya, transista zilizochemka ndani ya sanduku zilikuwa zinapata nafasi ya kupoa tu, basi. Na sanduku nilikuwa nimelipigilia misumari pande zote! Ikabidi Rajabu, bwana harusi na kanzu yake nyeupe, apasue ubao wa nyuma kwa shoka la kuni, nami nikapiga magoti nikimwomba Sajini msamaha huku napepea amplifaya kwa sinia ya pilau. Nilipepea saa nzima. Sajini alitaja kila jina, na yule mama wa Kaya alisimama akalia, akacheka, akalia tena.

Tangu siku ile, kitu changu kikizima mbele ya watu, nafunga mdomo na kugusa kwanza kwa mkono wangu mwenyewe. Na hata kosa likiwa kweli la aliyeshika maiki, haki ya Mungu, mimi simwambii.