Siku Mama Aliposema Hanijui

Nyumbani kwetu mlango hubishwa mara tatu, kimya kidogo, halafu mara moja. Anayebisha vinginevyo si wetu. Niliyajua haya kabla sijajua kusoma, na mpaka leo, pamoja na shahada yangu ya sheria, nikisikia mtu anabisha ovyo ovyo huzima redio kwanza.

Aliyenifundisha ni mama yangu, fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamwita Mama Sindano. Alivuka mpaka nikiwa tumboni. Mimi nilizaliwa huku, nina karatasi zangu zote. Yeye kibali chake kilikwisha muda nikiwa na miaka mitatu, akaenda kukihuisha, na aliyemtangulia kwenye foleni akatolewa kwa pingu mbele ya macho yake. Akageuka, akarudi nyumbani, hakwenda tena. Tangu hapo kazi anazipokea kupitia kwa jirani, tena kazi gani: kubana viuno na kukunja pindo za sare za walinzi. Suruali za watu anaowaogopa kuliko simba zinapita mapajani mwake kutwa nzima! Ana miaka hamsini na sita na anatia uzi kwenye sindano bila miwani. Ukimuuliza mbona hafiki mjini, anakujibu, "Kwa mwoga huenda kicheko." Kipande cha shujaa anakuachia umalizie mwenyewe.

Kisha ikatangazwa nafasi ya mwaka mmoja, kwa mwanasheria mmoja tu, kuwatetea bure wahamiaji wasio na vibali. Niliitaka mpaka chakula kikawa hakipiti. Mama alihitaji mtu wa kumsimamia, na nilitaka mtu huyo niwe mimi. Fomu ikauliza ninapoishi. Maisha yangu yote nimeandika anwani ya jirani, lakini safari hii niliona haya kuianza kazi ya sheria kwa uongo, nikaandika yetu, mpaka namba ya mlango. Chini kulikuwa na maandishi madogo: afisa atafika kuthibitisha makazi. Sikumwambia Mama. Nilisema nitamwambia kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine.

Afisa akaja Jumanne, saa nne asubuhi. Alibisha bila mpangilio wowote.

Cherehani ikanyamaza. Nami, msomi mzima, nikazima redio na kuchuchumaa nyuma ya kitanda kama nilivyokuwa nikifanya nilipokuwa na miaka sita. Sikufikiri.

"Shikamoo, mama," sauti ya kijana ikasema mlangoni. Akataja majina yangu, yote matatu. "Namtafuta huyu."

"Hakuna mtu kama huyo hapa."

"Hapa si namba kumi na saba?"

"Ndiyo, lakini huyo simjui."

"Humjui kabisa? Ameandika kwamba hapa ni kwao."

"Baba, nimekwambia simjui."

Hapo ndipo nilipoelewa ni nani. Nilitakiwa nisimame tu, nitembee hatua sita. Nikabaki nimechuchumaa. Nikasikia karatasi ikifunuliwa, kisha viatu vikishuka ngazi.

Mama akaingia, jasho limemlowesha shingo, uso umejaa ushindi. "Kuna mtu alikuja kukutafuta, mwanangu. Nimemfukuza."

Nikamweleza yote, tena kwa hasira, maana nilikuwa nimejichukia.

"Umewapa anwani yetu?" akauliza. "Bila kuniambia?"

Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Siku mbili zilizofuata alishona akiwa amevaa viatu, na begi lake dogo lilikuwa kando ya mguu wake.

Alhamisi nikapata ujumbe. Makazi hayakuthibitishwa, na ombi langu lingefutwa Ijumaa saa kumi, isipokuwa mtu ninayeishi naye afike ofisini kutoa maelezo. Ninayeishi naye ni mmoja tu. Nikamsomea, kisha nikasema, "Acha, Mama. Zitatokea nyingine." Akakata uzi kwa meno, akaendelea kushona.

Ijumaa saa saba akasimama, akajifunga kitambaa kichwani. "Twende kabla roho haijanigeuka."

"Mama, hatujui wataandika nini, wala watakipeleka wapi."

"Wewe uliyesoma hujui?"

"Sijui."

"Basi twende, tusiojua wawili."

Njia nzima kucha zake zilikuwa kwenye mkono wangu. Getini mlinzi akamsogezea daftari. Mama akainamisha macho, akayagandisha kwenye miguu ya yule mlinzi, nami nikaona anachokitazama. Ulikuwa mshono wake mwenyewe.

"Pindo la kushoto linafumuka," akamwambia. "Lirudishe kwa anayekushonea."

Mlinzi akacheka. "Asante, mama. Andika jina hapo."

Akaandika jina lake la kweli. Nilikuwa nimewahi kuliona mahali pamoja tu, kwenye cheti changu cha kuzaliwa.

Ndani tulimkuta kijana yule yule.

"Mama, si wewe uliyesema humjui?"

"Ndiye mimi."

"Na leo unamjua?"

Kidevu kikamcheza Mama. "Huyu nimemzaa mimi. Niliogopa. Hata sasa naogopa, baba, si unaniona? Na usimlaumu yeye. Alikuwa ndani, anasikia kila neno, hakutoka, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kujificha."

Kijana hakuuliza kibali. Alitugeuzia fomu, akaonyesha kwa kidole mahali pa kutia saini.

Nafasi ile niliipata, lakini maswali ya usaili nimeyasahau yote. Ninachokumbuka ni kalamu: mama yangu, anayetia uzi kwenye sindano bila miwani, aliukosa ule mstari wa saini mara tatu, ikabidi aushike mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, ndipo akaweza kuandika.