Konzi za Mchele za Bibi Oyoh

Bibi yangu Oyoh alikuwa na akili zake timamu mpaka siku aliyokufa. Naanza na hilo kwa sababu kijiji kizima kinaamini vingine, na aliyewaaminisha ni mimi.

Kijiji chetu kiko milimani, juu ya mji wa Garut, kwenye baridi na mabwawa ya samaki. Kila nyumba ina kopo la mwanzi limening'inizwa kando ya mlango. Mama wa nyumba akipima mchele wa kupika, hutoa konzi moja akaitia kwenye mwanzi. Kila Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, Bibi alipita na kikapu mgongoni akimimina mianzi ile nyumba kwa nyumba. Alifanya hivyo miaka thelathini na moja bila kulipwa hata senti. Mchele ulikwenda kwa wajane, kwa wenye wagonjwa, kwa aliyeliwa mpunga na panya. Na mwenye shida hakulazimika kumweleza mtu shida yake. Alishusha mwanzi wake tu, basi. Akifika kwenye mlango usio na mwanzi, Bibi alimimina mchele badala ya kuchukua, kisha akaenda zake. Hakuna aliyeuliza.

Ijumaa aliwasomesha wanawake Kurani sebuleni kwetu. Siku zilizobaki alinilea mimi. Mama yangu alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani nikiwa na miaka minne. Yeye alinitumia nguo, Bibi ndiye aliyenipangusa makamasi.

Msimdhanie mtakatifu wa kuinamisha kichwa. Alikuwa na ulimi. Mzee Dadang, jirani yetu mwenye mkono wa birika, Bibi alikuwa akimsuta kila wiki.

"Dadang, hii ni konzi, au umechota kwa vidole viwili kama chumvi?"

"Mkono wangu mdogo, dada yangu."

"Mdogo? Juzi kwenye maulidi niliuona umebeba sahani tatu!"

Mzee alikuwa akicheka, halafu anaongeza.

Nikaenda kusoma mjini Bandung, nikampata Firman, kijana mpole wa watu wenye duka kubwa la vitambaa. Mama yake, Mama Rosita, alikuwa mtu wa kuangalia soli za viatu vyako kabla ya uso wako. Walipopanga kuleta posa, walichagua Alhamisi. Sikulala vizuri wiki nzima. Nilikuwa nimeshamwambia mama huyo kwamba kwetu tunajiweza.

"Bibi, Alhamisi hii usipite na kikapu," nilimwambia.

"Kwani kuna mvua?"

"Kuna wageni. Watadhani sisi ni ombaomba."

"Si naomba kweli? Naombea watu."

"Bibi, tafadhali. Siku moja tu."

Aliniangalia kidogo. "Haya. Wenye shida wasubiri mpaka Ijumaa, hawatakufa."

Ningeishia hapo, ingekuwa nafuu. Lakini asubuhi ile, nikifagia kibaraza, niliuona mwanzi wetu umeshika weusi wa mikono ya miaka. Nikaona aibu, nikaushusha, nikausukumia uvunguni. Nilijua maana yake. Ndicho kinachonikera mpaka leo, nilijua tangu nikiwa mtoto. Ila kichwani mwangu siku hiyo yalikuwemo macho ya Mama Rosita tu, ya majirani hayakuwemo.

Wageni wakaja, wakakaa mkekani, wakala vitamu vya nazi. Posa ilikuwa inakwenda vizuri, mpaka Mama Enung wa nyumba ya pili akatokea mlangoni na bakuli la mchele limefunikwa kitambaa. Alilitua kizingitini, akafuta machozi, akasimama pembeni. Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine. Mzee Dadang, bahili wangu mimi, alileta ndoo nzima, anahema. Bibi Oyoh hakupita leo, na mwanzi wake umeshushwa: nani angekaa kwake atulie? Ndani ya robo saa kulikuwa na mabakuli tisa, bila ile ndoo.

Mama Rosita aliweka kikombe chini. "Kumbe hapa mnaishi kwa kusaidiwa?"

Sentensi mbili zingetosha. Ningemweleza mwanzi ni nini, na Bibi ni nani. Badala yake nikatabasamu, nikasema, "Samahani, Mama. Ni bibi yangu. Umri umekwenda, akili zimeanza kumruka. Anazunguka kuomba mchele kwa watu, nao wanamhurumia."

Mama Enung alikuwa bado pale mlangoni. Na Bibi alikuwa amesimama penye pazia la jikoni, na sinia la chai mikononi.

Aliniangalia, na mimi nikaangalia mkeka. Kisha akaingia, akatua sinia, akamkodolea macho Firman, ambaye alikuwa ameshakula kwake mara tatu, Bibi akimtania kuwa anakula kama kifaranga.

"Na huyu kijana ni wa nani?" akauliza. "Ndiye fundi aliyekuja kuezeka paa?"

Mama Rosita akamshika mkono kwa huruma. "Maskini, bibi wa watu." Posa ikakubaliwa kabla ya magharibi.

Wageni walipoondoka, Bibi aliingia uvunguni mwenyewe, akautoa mwanzi, akautundika mahali pake. Nilisimama nyuma yake.

"Bibi..."

"Wamekunywa chai yote?" akauliza. "Nilidhani nimezidisha tangawizi."

Wiki iliyofuata wanawake wa darasa lake walikuja, sauti zao laini mno. "Bibi Oyoh, umetuhudumia sana. Pumzika sasa, kikapu atakibeba Mama Enung." Bibi alinigeukia mimi. Nilikuwa pale pale, namenya muhogo. Ningesema tu, nilidanganya, huyu ni mzima kuliko sisi sote. Lakini harusi ilikuwa miezi mitatu mbele, na maneno ya kijijini hufika Bandung upesi. Nikaendelea kumenya.

"Kweli, mgongo umechoka," akasema Bibi, akamkabidhi Mama Enung kikapu.

Tangu hapo watu wakawa wanazungumza naye kwa kupaza sauti, kana kwamba ni kiziwi. Darasani wakaanza kumsahihisha mahali asipokosea. Mzee Dadang hakuthubutu tena kumjibu utani; alikuwa akimpa pole. Alhamisi Bibi alikaa kibarazani akimwangalia Mama Enung akipita, naye Mama Enung alikuwa akizisahau nyumba mbili za huko juu. Bibi alipomkumbusha, alimwitikia, "Sawa, Bibi, sawa," kama anavyoitikiwa mtoto.

Kila Idi nilirudi na mume wangu na wakwe. Kwetu siku hiyo mdogo humpigia magoti mkubwa wake, akamshika mikono miwili na kuomba msamaha wa yaliyoonekana na yaliyo moyoni. Wengi tunayasema maneno hayo mbio mbio, tukiwazia chakula. Mwaka wa tatu Bibi hakuiachia mikono yangu.

"Kosa lipi, mwanangu?" akauliza polepole.

Mama Rosita alikuwa nyuma yangu, anasubiri zamu yake.

"Yote tu, Bibi."

Akangoja. Alingoja mpaka watu wakaanza kukohoa. Kisha akanipigapiga mkono. "Haya. Simama, magoti yatakuuma."

Alifariki mwezi wa Rajabu, alfajiri, akiwa kwenye mswala. Jeneza lilipotolewa uani, imamu akawageukia watu, kama ilivyo desturi yetu, akauliza kama kuna aliyekosewa na marehemu, na kama wamemsamehe.

"Tumemsamehe!" kijiji kikaitika. Wengine walikuwa wanalia kwa sauti. Mimi nilikuwa nimefumba mdomo.

Mama Enung akanigusa kiwiko. "Itika, mwanangu. Wewe ndiye mjukuu wake, wanakusubiri wewe."

Kweli walikuwa wamenyamaza, wote, wananitazama. Nikafungua mdomo, na mbele yao wote nikasema nimemsamehe.