Mavyaa wangu alivyosafisha filta ya samaki wa daktari kwa ajili ya Idi

Wakuu, habari za leo.

Nimepita kwenye ule uzi wa canister filter, lile chujio la tangi la samaki, nikaona mnavyobishana. Huyu anaiosha kila wiki mpaka inang'aa, yule hajaifungua tangu ainunue. Nikasema ngoja na mimi bibi yenu niseme langu.

Atakayeona ni chai, aipite tu. Kwa umri huu sina wa kumdanganya.

Ilikuwa Tanga, miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilikuwa nafanya usafi kwa daktari mmoja wa Kihindi pale mjini. Chumba cha kusubiria kilikuwa na tangi la kioo lenye samaki wa dhahabu. Watoto waliokuja kudungwa sindano walikuwa wakiwatazama wanasahau kulia.

Kuwalisha ilikuwa kazi yangu.

Sasa daktari akapata safari ya kwao, Bombay, kwa meli. Kliniki inafungwa miezi kadhaa. Nikadhani samaki atawaacha kwa rafiki zake wenye nyumba kubwa. Wapi. Akaniita mimi.

"Zaina," akasema, "hawa aliwanunua marehemu mke wangu. Wewe wamekuzoea."

Ningekataa vipi?

Nyumba yetu ilikuwa Nguvumali, na umeme hatukuwa nao. Pampu iliyokuja na tangi ikawa pambo tu. Mume wangu Hamisi, fundi wa karakana ya reli, akazunguka lile tangi jioni nzima anajikuna kichwa.

Kesho yake akaleta debe tupu la mafuta ya taa. Tukalichemsha na kulichemsha tena mpaka harufu ikaisha. Akalitoboa matundu madogo chini, akapanga kokoto, kisha mchanga mnene, kisha mkaa, na juu kabisa nyuzi za katani zilizooshwa vizuri. Akalining'iniza juu ya tangi.

Unachota maji ya tangi kwa kata, unamwaga ndani ya debe, yanachujika, yanarudi kwa samaki matone matone kama mvua.

Hiyo ndiyo canister yangu, wakuu. Pampu ni mkono.

Shida ni kwamba debe likikauka, lazima mtu amwage tena. Na mimi nilikuwa na mimba. Ya kwanza ilikuwa imeharibika mwaka uliotangulia, kwa hiyo Hamisi akatuma salamu kwao Mwera, mama yake akaja kunitunza.

Bi Mwanahawa, mavyaa wangu, alikuwa mama wa maneno machache. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akatandika mkeka, akanionyesha pa kukaa. Ndoo nisiguse, kata nisiguse. Kazi ya kumwaga maji akaichukua yeye, ingawa samaki wa kutazamwa bila kuliwa hakuwaelewa hata kidogo.

Nami kukaa siwezi. Nikikaa nasikia matone yanapungua. Nainuka, naenda kwenye tangi, narudi mlangoni, naenda tena. Tumbo likivuta kidogo naogopa. Samaki akijificha nyuma ya jiwe naogopa. Ikafika mahali sijui ninamwogopea nani, mtoto au samaki.

Ramadhani ikaingia. Mavyaa amefunga, koo limekauka, na bado anawamwagia samaki maji kutwa nzima. Hakulalamika.

Idi ilipokaribia ndipo balaa likaja.

Mnajua usafi wa Idi kwetu pwani. Nyumba inatolewa nje yote. Nilikuwa nimelala mchana, naamka nakuta debe linametameta. Mavyaa alikuwa amelisugua kwa majivu na sabuni, kokoto nazo kazisugua, mchanga wa zamani, mkaa na zile katani zenye utelezi wa kahawia akavitupa nyuma ya nyumba, chini ya mgomba. Kaweka vipya kabisa.

Kusema kweli lilipendeza. Hata mimi nilimshukuru.

Baada ya siku mbili maji yakageuka meupe kama tui. Samaki wakapanda juu, midomo wazi, wanatweta. Wa kwanza akafa asubuhi, wengine wawili wakamfuata kabla ya adhuhuri.

Nikapandwa na kitu sikijui. Nikamwambia, "Mama, umewaua samaki wa marehemu."

Alikuwa ameshika kata. Hakuniangalia.

"Nilitaka mtoto akija akute nyumba safi," akasema.

Nikaenda kukaa uani, nikainuka, nikakaa tena. Nikawa najiuliza: kilichobadilika ni nini? Chakula ni kile kile. Maji ni ya kisima kile kile. Kilichotoka ni ule uchafu tu.

Mvua za masika zilikuwa hazijakatika, kwa hiyo chini ya mgomba palikuwa majimaji. Nikamwita mavyaa. Tukaokota zile katani kuukuu, bado zina utelezi wake, tukazisuuza kidogo kwenye maji ya tangi, bila sabuni. Tukazirudisha ndani ya debe, na kokoto tukazisuuza sana sabuni itoke. Maji ya tangi tukapunguza nusu, tukajazia ya kisima yaliyolala ndooni tangu jana.

Halafu tukamwaga kwa zamu. Siku hiyo hakunikataza.

Weupe ulichukua siku kadhaa kuondoka. Hakufa mwingine.

Daktari aliporudi alikuja kwetu, nikamweleza yote, hata hao watatu waliokufa. Akainama kwenye kioo, anawatafuta mmoja mmoja. Akamwona mwenye doa jeupe mgongoni.

"Huyu yupo," akasema, basi. Kisha akamgeukia mavyaa, akamshukuru kwa heshima kubwa. Tangi likapakiwa kwenye mkokoteni, likaenda.

Asubuhi iliyofuata nikamkuta mavyaa amesimama kwenye ile kona tupu, kata mkononi. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Mikono imeshazoea, mwanangu. Sijui niipeleke wapi."

Nikaichukua kata, nikauweka mkono wake tumboni kwangu. Mtoto alikuwa anacheza. Tukasimama hivyo hivyo.

Alizaliwa salama, wa kike. Leo naye ni bibi.

Nilichojifunza: ule utelezi ndani ya filta si uchafu wote, ndimo uhai wa tangi ulimo. Safisha sehemu, bakiza sehemu, suuza kwa maji ya tangi lenyewe, sabuni iache kwenye vyombo vya kulia.

Karibuni mnikosoe, wataalamu. Na kama humu yupo aliyewahi kugombana na mama mkwe kwa sababu ya filta, ajitokeze, nisijione peke yangu.