Pua ya Shangazi Yaenda Tamashani

Shangazi yangu hulipwa kufyonza kahawa na kuitema. Ndiyo, ni kazi, na huu ni mwaka wake wa kumi na tisa ghalani. Anavuta kijiko kimoja kwa kelele ambazo sisi tukizipiga mezani tunafukuzwa, anatema kwenye ndoo, kisha anaamua mzigo upite au urudi. Sasa miezi miwili iliyopita alishikwa na mafua, nayo yalipoondoka yakaondoka na pua yake. Jumatatu alitakiwa kurudi kazini. Mkuu wa ghala, mtu mwenye huruma za mamba, alishamwambia kwamba mwonjaji asiyesikia harufu aje na barua ya kuacha kazi, asisumbue watu.

Ndiyo maana Jumamosi tukaenda tamasha la kuonja kahawa na chokoleti, tuijaribu pua kabla haijajaribiwa.

Ukumbi ulijaa pomoni. Tulipanga foleni dakika arobaini tupewe chokoleti sawa na ukucha wa mtoto, tena mtoto aliyekatwa kucha jana. Mgawaji, kijana aliyevaa kofia ya sufu kwenye joto lile, akatuamuru tufumbe macho.

"Mnasikia nini? Maua? Asali ya msituni?"

"Mimi nasikia kwapa la huyu wa shati la kijani," nikanong'ona.

Shangazi akanifinya. "Shika adabu!" Kisha, kwa sauti ndogo: "Kwani lipo kweli?"

"Lipo, shangazi. Limekomaa."

Akainamisha kichwa. Yeye hakusikia kitu.

Meza ya kahawa ya kwanza: "Maji ya moto," akasema. Ya pili: "Maji ya moto." Na pande zote watu wanatikisa vichwa, huyu kasikia machungwa, yule karafuu, mama mmoja kasikia mvua. Katika ukumbi mzima, mbovu alikuwa mmoja tu, na ndiye pekee aliyesomea kuonja.

Ikabaki meza yenye foleni ndefu kuliko zote, kikombe bei ya chakula cha mchana. Shangazi akafyonza, fyuuu! Akatema.

"Jamani, ustaarabu!" akasema dada mmoja aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

Shangazi hakumsikia. Akafyonza tena. Machozi yakamlengalenga.

"Wengi hulia, mama," muuzaji akajigamba. "Ni yale manukato ya waridi."

"Gunia!"

"Samahani?"

"Gunia bichi! Kahawa hii imelowa, ikalala ndani ya gunia wiki mbili, halafu mkaiunguza mkidhani mmeficha. Uvundo mtupu! Ahsante, mwanangu, Mungu akubariki!" Akamkumbatia. "Nipe kingine."

Waliokuwa nyuma, kuona mtu analia na bado anaomba kingine, wakaanza kusukumana wasije wakakosa.

Mlangoni tukabanwa nyuma ya shati la kijani. Shangazi akasimama, akavuta pumzi ndefu kama yuko bustanini.

"Lo!" akasema, uso umemng'aa. "Kweli limekomaa."