Vitenzi vya Hasira Mbele ya Kamanda

Hii aibu nilimficha hata mke wangu kwa miaka, lakini kwa kuwa leo mmeshanicheka kwa mengine yote, nichekeni na kwa hili: mimi, mwalimu wa Kiingereza wa mji wa Butembo, prof kama tunavyoitwa kwetu, nilimfokea kamanda kwa niaba ya mama ambaye mwenyewe hakufoka hata kidogo.

Ilikuwa wakati wa vita, askari wa ng'ambo ya mpaka wakiwa wameushika mji. Kambale, kijana niliyekuwa nimemfundisha, alikamatwa barabara ya Kirumba akirudi na maharagwe, na siku tisa zikapita bila mtu kujua kama yu hai. Mama yake, Mama Katungu, akaja kuniomba nimsindikize kwa kamanda. Jirani yangu akanishauri niongee Kiswahili tu, wale askari wanakijua. Nikamdharau. Nikamwambia mkubwa humheshimu mtu akisikia Kiingereza (na hapo ndipo nilipojichimbia kaburi).

Maana nilikuwa na orodha yangu ya vitenzi vya hasira, na nilijivunia orodha hiyo kuliko viatu vyangu vya Jumapili. Rage, fume, seethe, bristle, explode: kuwaka, kutoa moshi, kuchemka kimyakimya, kusimamisha nywele, kulipuka. Kila darasa langu liliimba kwa mpangilio huo huo, na mwisho tunapiga dawati mara mbili.

Kamanda alikaa katika nyumba ya mfanyabiashara wa kahawa aliyekimbia. Ilikuwa saa nne asubuhi na soko liko jirani, lakini ndani hukusikia hata kuku. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Picha ya harusi ya wenye nyumba ilikuwa bado ukutani, na mezani vikombe sita vya chai vilikuwa vimepangwa, vimekauka, kama wenyewe waliinuka tu wakaenda. Redio ilikoroma bila kushika stesheni na hakuna aliyejali kuizima.

Mama Katungu akasalimia, mikono mapajani, macho chini, kama mama zetu wanavyofanya mbele ya mkubwa, akasema polepole, "Nimekuya kuuliza mutoto wangu Kambale. Kama iko, nimuone. Kama hapana, munipatie mwili nizike."

Basi. Kazi yangu ilikuwa kuyageuza maneno hayo, lakini mimi nikayaona membamba mno, nikasimama, nikasema kwa Kiingereza kwamba mama huyu anawaka, anatoa moshi, anachemka, nywele zimemsimama na sasa hivi atalipuka, na nilipofika mwisho mkono wangu wenyewe ukapiga meza mara mbili, kikombe kimoja kikaanguka. Kamanda alinitazama, akamtazama mama aliyetulia vile, akanitazama tena. Kisha akainama, akakiokota kikombe, akakirudisha mahali pake taratibu.

"Mimi nasikia Kiswahili, mwalimu," alisema. "Mama ameomba mtoto. Sasa hii hasira ni ya nani?"

Niliogopa, niseme ukweli. Kamanda akasema hakuna mtu anayeitwa Kambale katika nyumba ile. Halafu, kwa upole kabisa, akaniomba niyarudie yale maneno moja moja, kwa sauti, maana yamempendeza. Askari wawili mlangoni hawakucheka, na hilo lilinitisha zaidi.

Nikaanza. Rage. Fume. Seethe. Hapo nikakwama. Orodha niliyoiimba miaka sita ikapotea kinywani, nikabaki nimeachama, na redio inakoroma.

Kisha nyuma ya ukuta, kule kwenye stoo ya magunia ya kahawa, sauti nyembamba ikaendelea: bristle, explode. Na kitu kikagonga ukuta mara mbili.

Mungu anisamehe, nilidhani ni maiti inajibu somo. Nywele zilinisimama kweli siku hiyo. Mama Katungu hakupiga kelele. Alifungua kitenge chake cha juu, akakitandika sakafuni, akakaa.

"Ile ni sauti ya mutoto wangu," alisema. "Nitamungojea hapa."

Kamanda alimtazama. Nami sikungoja amalize kutazama. Nilipita katikati ya wale askari, nikatoka mbio, nikamwacha mama wa watu peke yake.

Alikaa pale siku mbili. Siku ya tatu Kambale akaachiliwa, amekonda, mkono mmoja haunyooki.

Tangu hapo niliapa, na kiapo hicho sijakivunja: mtu akinituma neno, nalifikisha kama lilivyo, hata likiwa dogo. Lakini Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Mama Katungu alikuja kwangu na jogoo na kikapu cha viazi, akamwambia mke wangu, "Prof alijua banamuficha mutoto. Akaimba ile masomo yabo ya darasa kusudi mutoto asikie, ajibu. Mutu wa akili sana, mama."

Mke wangu akanitazama kwa fahari ambayo sijaiona tena. Kambale alikuwa amekaa kando ya mama yake. Alikuwa nyuma ya ukuta ule, alisikia kila kitu, na viatu vyangu vikikimbia alivisikia. Nilimngoja aseme.

"Asante, prof," akasema, akainamisha kichwa. Nami nikapokea jogoo.